Kengele ya Sita ya Tarrowby

Kamba ya sita ilikuwa na joto.

Muriel Garside aliigusa bila kukusudia alipokuwa akitafuta pembe nzuri ya picha. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, na alikuwa peke yake katika chumba cha kamba, chini ya mnara wa kanisa la Tarrowby. Kamba sita zilining'inia kutoka darini, kila moja na kishikio chake cha sufi nyekundu na buluu. Tano zilikuwa baridi kama ukuta. Ya sita ilikuwa vuguvugu, kama mpini wa kikombe ambacho mtu amekiweka mezani sasa hivi.

Kengele ya sita haikuwa imepigwa tangu Lorna Tickell afe.

Muriel alipiga picha yake, akafunga mlango kwa ufunguo na kurudi nyumbani. Hakumwambia mumewe. Clifford alikuwa kiongozi wa wapiga kengele, na Jumapili ya Mavuno kengele ya sita ingelia tena, yeye akiwa ameshika kamba. Hiyo ndiyo habari kubwa katika jarida la kijiji mwezi huo. Chini yake kulikuwa na mnada wa keki, mashindano ya maboga, chai ya wazee ukumbini, na ombi kwa wenye mbwa waokote walichoacha mbwa wao. Muriel alikusanya habari hizo, akaziandika, akazichapa, akakunja karatasi kila moja mara mbili. Siku iliyofuata alizitumbukiza mwenyewe katika milango ya kijiji kizima.

Jumatano, saa ya posta, kifuniko cha tundu la barua mlangoni pake kiligonga. Klap.

"Nani huyo?" Clifford aliuliza kutoka jikoni.

Kwenye mkeka palikuwa na jarida la mwezi huo. Lilikuwa limekunjwa mara tatu.

Klap. Likaingia la pili. Klap. La tatu. Yalikuja taratibu, kwa kituo kati ya moja na jingine, kama mtu anayeingiza mkono mfukoni kila mara. Muriel alifungua mlango kwa nguvu. Nje palikuwa na ukungu, na geti lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na mtu. Alikuwa bado ameushika mlango, umefunguka mpaka ukutani, pale kifuniko kiliponyanyuka chini ya mkono wake, na jarida jingine likapita katika tundu na kuanguka juu ya viatu vyake.

Ndipo aliposikia harufu ya maganda ya chenza.

Lorna, binti wa Doreen Tickell, alikuwa mleta barua wa Tarrowby. Kila mwezi alimsaidia Muriel kugawa jarida bila malipo akiwa katika mzunguko wake. Alilikunja mara tatu ili lisikwame mlangoni. Alikula machenza njia nzima na kutia maganda mfukoni mwa koti la kazi, mpaka barua za watu, hata za hospitali, zikanukia chenza.

Simu ililia. Alikuwa Barney Sturgess, mwenye baa, ambaye pia hupiga kengele ya tatu.

"Muriel, mama, mwezi huu mimi nimefutwa? Ni kwa sababu ya lile boga?"

"Nimekutumbukizia mwenyewe jana, Barney."

"Basi panya wangu wameanza kusoma. Hata Doreen Tickell hajapata. Hata kule kwa Mchungaji hakuna."

Tarrowby hawasemi jini wala pepo. Husema "kuna kitu," kisha hutia maji kwenye birika. Muriel alitia maji kwenye birika. Majarida yaliendelea kuingia mpaka yote yalipokuwa yamerudi.

Alhamisi, saa ile ile, kifuniko kiligonga tena, na lililoingia halikuwa la mwezi huo. Lilikuwa la miaka miwili nyuma, limelowa, na Muriel alijua ni lipi kabla ya kulikunjua. Likafuata jingine, na jingine, yale ambayo watu walikuwa wamefungia vyombo, na yale waliyowashia moto, yakiwa na kingo nyeusi na majivu yanayoacha alama kwenye mkeka, na yale yaliyooza kwenye mapipa, yenye ukungu na funza, na katika kila moja ukurasa wa kwanza ulikuwa juu na aya ile ile ilikuwa mbele ya macho yake, aya aliyoiandika kwa mkono wake: *Marehemu aliingia mwenyewe na kugusa kamba bila kuuliza, kinyume cha kanuni.*

Lorna alikuwa ameuliza.

Kila mpiga kengele anajua jambo moja kabla ya mengine yote. Kengele iliyoshushwa hutazama chini, na kamba yake haina neno. Kengele iliyoachwa mdomo juu husimama ikisubiri, na ukiivuta kidogo tu tani nzima huanguka upande wa pili, na kamba hupanda darini pamoja na aliyeishika. Jioni ile Clifford alikuwa ameiacha ya sita mdomo juu kwa sababu ya harusi ya kesho yake. Muriel alimwona akiiacha. Wengine walikuwa wameshatoka. Lorna, mwanafunzi wa kengele, alibaki kufagia, akataka kuitundika kamba pembeni ili apitishe ufagio.

"Iko chini, Cliff?" aliuliza.

Clifford alikuwa na biskuti mdomoni. Hakugeuka. "Iko chini, kipenzi."

Muriel alikuwa akimimina chai. Alijua mumewe amekosea. Lakini huwezi kumsahihisha mwanamume mbele ya mwanafunzi wake, katika chumba chake mwenyewe. Ungesubiri mfike nyumbani. Alisubiri. Akasikia kamba ikipanda na Lorna, kisha pigo moja darini, kisha kengele yenyewe, mara moja tu.

Mbele ya mchunguzi wa vifo Clifford alisema Lorna hakuuliza. Muriel alisema hakusikia chochote. Halafu akaandika jarida.

Sasa alimpelekea Clifford karatasi moja yenye majivu. Clifford aliitazama, akaisukuma pembeni ya sahani.

"Ni mtu tu anatuchezea. Doreen huyo."

"Doreen anatembea na fimbo, Cliff. Nilikuwa nimeushika mlango."

"Punguza sauti."

"Lorna anataka tuandike ukweli."

"Nani anataka? Wafu hawasomi jarida, Muriel. Walio hai ndio wanaosoma. Unataka Jumapili nisimame mbele yao niseme nini?"

Juu ya vichwa vyao, katika dari ya jiko, kitu kiligonga. Pigo moja. Wote wawili walilijua. Clifford aliweka uma chini na hakula tena.

Mchungaji Philippa Odell alikuja siku iliyofuata. Alikuwa na makanisa matano na gari moja bovu, na hakupoteza muda. Alisimama mlangoni, akanyunyiza maji, akaanza kusoma sala. Alipofika katikati, kifuniko kilinyanyuka. Hakikugonga. Kilibaki juu, kimeshikiliwa, na harufu ya chenza ikaingia kwa wingi, na nyuma yake pumzi ya mtu aliyepanda kilima na mfuko mzito, ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa, mpaka Mchungaji mwenyewe akaanza kupumua kwa mwendo ule ule bila kutaka. Alifunga kitabu.

"Mmemfanyia nini?" alinong'ona.

Clifford aliokota karatasi moja mkekani, akaificha nyuma yake.

"Mimi nafukuza pepo, Bwana Garside," Mchungaji alisema. "Huyu hapa ana madai. Siwezi kumfukuza mtu anayedai haki yake. Mpeni, ataondoka mwenyewe."

"Na tusipompa?"

"Basi nisingeshika ile kamba kama ningekuwa wewe."

Kifuniko kilishuka.

Jioni hiyo Muriel aliandika mistari minne ya marekebisho, itoke kwenye karatasi ya matangazo ya Jumapili ya Mavuno. Clifford aliisoma akiwa amesimama. Alisema sawa. Akasema ataipeleka yeye ikachapwe, kwa kuwa alikuwa anapita dukani, na Muriel alishukuru; usiku huo hapakuwa na pigo darini na waliweza kulala.

Jumamosi Clifford alipanda mnarani na tochi, akahakikisha kwa macho yake kwamba kengele zote sita zinatazama chini. Barney alikuwa naye, na alithibitisha hilo baadaye kwa kiapo.

Jumapili kanisa lilijaa maboga, mikate na maua. Muriel alikaa kitini na kukunjua karatasi ya matangazo. Mnada wa keki. Washindi wa maboga. Mahali pa marekebisho palikuwa pameandikwa kwamba kanisa linaomba chupa tupu za jemu.

Alisoma mara ya pili. Kisha mtu aliyekaa nyuma yake akaanza kumenya chenza. Alisikia ganda likichanika. Aligeuka, na safu nzima ya nyuma ilikuwa tupu.

Muriel alikimbia kwenda chumba cha kamba. Wapiga kengele walikuwa wameshasimama kwa duara, mikono juu. Clifford alikuwa kwenye ya sita. Kwa mazoea, kama alivyouliza kuhusu kila kamba aliyoishika tangu siku ile, alisema: "Sita iko chini, Barney?"

Barney alifungua mdomo kujibu. Jibu lilitoka darini. Ilikuwa sauti ya mwanamume mwenye biskuti mdomoni, na wote waliokuwa pale waliijua, kwa sababu aliyekuwa na sauti hiyo alikuwa amesimama katikati yao, midomo imefungwa.

"Iko chini, kipenzi."

Clifford aligeuka rangi. Barney anasema alijaribu kuachia. Anasema aliviona vidole vya Clifford vikifunguka na sufi ikizama ndani ya kiganja, ikimshika yeye badala ya yeye kuishika, na mkia wa kamba ukajivuta chini wenyewe, pole pole, kama unavyovutwa na mtu asiye na haraka, mtu aliyesubiri miaka miwili na anaweza kusubiri pumzi moja zaidi, na Muriel, akiwa mlangoni, aliona kamba imekaa vile inavyokaa kengele ikiwa mdomo juu, na safari hii alisema.

"Cliff! Iko juu!"

Kamba ilipanda. Waumini waliokuwa kanisani walisikia pigo darini, kisha kengele ya sita, mara moja tu.

Mchunguzi wa vifo hakuchukua muda. Aliandika kwamba marehemu alivuta kamba kabla ya kupata jibu, kinyume cha kanuni.

Doreen Tickell alikuja kumpa pole Muriel, na fimbo yake na mkate wa kitunguu uliofunikwa kwa kitambaa. Miaka miwili walikuwa hawajasalimiana. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Utaandika nini, Muriel?"

"Ukweli, Doreen. Nimeshauandika." Alimpa karatasi.

Doreen aliisoma pole pole, kidole chini ya maneno. *Lorna Tickell aliuliza kama kengele iko chini. Clifford Garside alimjibu kwamba iko chini. Haikuwa chini. Tulichochapa kuhusu Lorna kilikuwa uongo, na tunaomba radhi kwa mama yake.* Alilia bila sauti. Kisha akafuta miwani.

"Waliokuwa mle ndani ni wao wawili tu?"

Muriel alikuwa akimimina chai. "Wao wawili tu," alisema.

Usiku aliacha majarida barazani, ndani ya sanduku. Asubuhi sanduku lilikuwa tupu. Barney alipiga simu mapema, sauti imetulia. "Nimelipata, mama. Umefanya jambo la haki. Kijiji kizima wamepata. Ila siku hizi unakunja vizuri kweli, mara tatu."

Muriel aliweka simu chini. Nyumba ilikuwa kimya. Aliwaza kwamba sasa ataweza kulala.

Saa ya posta, kifuniko kiligonga.

Lilikuja moja tu. Lilikuwa limelowa. Alilikunjua pale pale kwenye mkeka, akiwa amepiga magoti. Hakuna neno lililofutwa wala kuongezwa. Baada ya neno *alimjibu*, pale ambapo *mbele yangu* ingetosha, palikuwa na alama ya kidole gumba, ya manjano, bado mbichi, na ilinukia chenza.

Jikoni, dari iligonga mara moja. Muriel alinyanyua macho kutazama mlango.

Kifuniko hakikuwa kimeshuka. Kilibaki juu, kimeshikiliwa kutoka nje, kama mtu anavyokishikilia akiwa ameuliza swali na anajua kuna aliyemsikia ndani.