Alama ya Kidole cha Casimir

Jumamosi ile mjini Owosso ilikuwa shwari kabisa. Noreen Kubiak alikuwa jikoni akikaanga soseji na vitunguu, redio ikitangaza mpira wa besiboli. Mumewe Leland alikuwa gerejini nyuma ya nyumba, amesimama ndani ya shimo chini ya gari, akipaka rangi nati moja. Alikuwa nayo tangu asubuhi.

Asiyewajua hawa jamaa wa magari ya zamani atadhani wana wazimu, na hatakosea sana. Gari la Leland lilikuwa Kestrel ya mwaka 1970, la rangi ya chungwa, lenye injini ya kutetemesha vyombo kabatini. Kwenye maonyesho yao hawashindani mbio. Hushindana nani amelirudisha gari vilevile lilivyotoka kiwandani: bolti zenye chapa ileile kichwani, vibano vilevile vya mabomba, hata michirizi ya rangi iliyowaponyoka wafanyakazi wa enzi zile lazima iwepo, tena upande uleule. Majaji huingiza kioo na tochi chini ya gari, wakikosa doa moja wanakata pointi.

Na doa lenyewe halikuwa pambo. Kiwandani, mtu akishakaza nati ya usukani aliipaka rangi, kama kusema: mimi nimeikaza, naapa. Nati ya Kestrel hii ilikazwa na Casimir Kubiak, baba yake Leland. Casimir hakutumia brashi. Alichovya kidole gumba kwenye kopo la rangi ya njano, akavuta mstari wenye mkia uliopinda. Leland aliukuta mstari huo chini ya grisi ya nusu karne, machozi yakamtoka. Halafu, kwa papara ya usafi, akausugua kwa dawa ya kusafishia ukatoka wote kabla hajaupiga hata picha. Katika kazi yao hakuna ujinga unaozidi huo.

Sasa alikuwa akiuchora upya kwa kumbukumbu, na nati hakuikaza. Aliizungusha kwa vidole tu, kwa sababu spana ingeikwaruza ile rangi ya kijivu ya kiwandani, na mkwaruzo ni pointi. Ataikaza baada ya maonyesho, alijiambia. Gari linapanda trela, nani ataliendesha?

Nani ataliendesha! Colette, binti yao wa pekee, alikuwa ameshaomba kuliendesha mwenyewe hadi kanisani siku ya harusi yake mwezi Septemba, na Leland alikubali huku akicheka.

Ninachomkasirikia Leland hadi leo ni kwamba alijua. Kiwanda kizima kilijua kisa cha Casimir. Aliugua wiki moja, na msimamizi, ili kazi isisimame, akampa kijana mmoja brashi aige alama ya Casimir kwenye nati ambazo hazijakazwa. Gari moja likashindwa kukata kona. Mama na mtoto wake wakafa. Alama ilikuwa ya Casimir, basi na lawama ikawa ya Casimir, akafukuzwa kama mbwa. Tangu siku hiyo hakuruhusu hata ua la njano liingie nyumbani kwake. Alikufa akikohoa na kulaani, Leland akiwa amemshika mkono.

Jumapili, walipotoka kanisani, Leland alishuka shimoni akakuta nati ni kijivu kitupu. Alama haipo.

"Noreen! Nani kakutuma kusafisha huku?"

"Mimi? Shimoni?" Noreen alitokea mlangoni na mwiko mkononi. "Leland, miaka thelathini sijaingia kwenye hilo kaburi lako. Nikitaka uchafu wa kusafisha, nina soksi zako."

Akapaka tena. Jumatatu ikafutwa tena. Leland akavuka barabara kwa Darrell Voss, ambaye naye alikuwa na gari lake la maonyesho, na ambaye utani wake haukuwa na likizo.

"Unaingia gerejini kwangu, Darrell."

"Kufanya nini, mzee mwenzangu? Kukuibia kutu?"

"Unafuta alama ya baba yangu!"

"Punguza sauti. Alama ya baba yako uliifuta mwenyewe, mji mzima unacheka."

Leland alimkamata ukosi. Mke wa Darrell ndiye aliyewaachanisha, la sivyo wazee wawili wenye kisukari wangelala hospitali. Leland alipitia dukani akanunua kufuli mpya, akaifunga gereji na ufunguo akauvaa shingoni.

Jumanne asubuhi alifungua mwenyewe. Kufuli ilikuwa nzima. Ndani kulinuka tumbaku ya kiko, na nyumba ile haikuwa na mvutaji. Kwenye kioo cha mbele cha Kestrel kulikuwa na alama kubwa ya X, ya njano, imevutwa kwa kidole. Kiwandani, X ilikuwa na maana moja: kazi hii imekataliwa.

Mwenye akili angechukua spana palepale. Leland alichukua kitambaa. Alifuta kioo kwa hasira tupu.

"Umeshakufa, mzee!" alipiga kelele. "Maisha yako yote ulinikagua! Hili ni gari langu!"

Akashuka shimoni, akachovya brashi, akapaka alama mara ya tatu.

Nyuma yake mtu akakohoa.

Leland hakugeuka. Alikijua kikohozi kile. Harufu ya tumbaku ilikuwa sasa shingoni kwake.

"Umeikaza?"

Sauti ilikuwa ya kunong'ona, imekwaruza.

"Nimeikaza," Leland alisema.

"Umeikaza?"

"Nimeikaza, baba."

Kutoka upande wa pili wa nati kikatokea kidole gumba, kipana, cha njano hadi kwenye kucha. Kikagusa nati. Kikaisukuma kidogo tu. Nati ikazunguka kirahisi, bila kelele.

Mlango wa gereji ukafunguka juu. "Baba?" Alikuwa Colette, amekuja kutoka Lansing bila taarifa, kama kawaida yake. "Baba, upo? Nataka kulijaribu gari kidogo!"

Alimsikia. Hilo Leland mwenyewe alilikiri baadaye. Alimsikia, na ulimi ulikataa. Ufunguo wa gari ulikuwa umechomekwa. Injini ikanguruma, na alipoweza kupiga ukelele hakuna ambaye angeusikia. Gari likatoka juu ya kichwa chake. Mwanga wa mchana ukajaa shimoni. Alikuwa peke yake.

Alipanda, akakimbia. Mzee wa miaka sitini na moja, na viatu vya gerejini. Akapita kwa Darrell, naye Darrell alipoona uso ule aliacha ugomvi akamfuata na gari lake la kuvutia magari mabovu.

Kestrel ilikuwa imesimama baada ya kona ya mtoni, sawasawa kando ya barabara, kama imeegeshwa. Colette alikuwa ameketi kwenye nyasi.

"Usukani ulikufa mikononi mwangu," alinong'ona. "Ulizunguka bure. Nikaona mto."

"Umekataje kona?"

"Sikukata mimi." Alimtazama baba yake. "Kulikuwa na mtu chini ya miguu yangu, Baba. Anakohoa."

Darrell alilala kwenye lami na tochi. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka, hakuwa na utani hata mmoja.

"Kile chuma kinachotoka kwenye boksi la usukani kimechomoka, kinaning'inia," alisema. "Nati haipo. Leland, gari hili haliwezi kukata kona. Magurudumu hayana wa kuyageuza."

Leland akaingia chini mwenyewe. Chuma kilikuwa kinaning'inia kweli. Na kuzunguka chuma kulikuwa na alama za vidole vitano za rangi ya njano, mbichi, jinsi mtu anavyoshika kitu kizito na kukisukuma kwa nguvu zake zote. Leland alinyoosha mkono wake wa kulia akauweka juu ya vidole vile. Vililingana, kidole kwa kidole.

Alipotoka, Colette alikuwa amesimama juu yake.

"Uliikaza?"

Lilikuwa swali lilelile. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Leland iliishia hapo kwenye lami.

"Sikuikaza. Spana ingeikwaruza."

"Na alama?"

"Niliipaka."

Colette akasema taratibu, kila neno peke yake, "Kwa hiyo uliogopa mkwaruzo. Hukuniogopea mimi." Akaondoka kwa miguu, akamwacha baba yake na gari lake.

Leland hakwenda kwenye maonyesho. Alilifukia lile shimo lote kwa mchanga, akauza vipuri vyote, na Kestrel Darrell aliivuta mwenyewe hadi kwa mnunua vyuma chakavu, akakataa malipo. Nati ilitafutwa toka gerejini hadi mtoni, haikuonekana.

Septemba, Colette aliingia kanisani ameshikana mkono na mama yake. Leland alikaa benchi la nyuma, na jua lote lile amevaa glavu mkono wa kulia. Hakumpa mtu mkono. Usiku huo Noreen aliikuta glavu imetupwa kwenye kapu la nguo, akaigeuza ndani nje ili aifue.

Kiganja cha glavu, kwa ndani, kilikuwa na X ya njano. Ilikuwa bado mbichi.