Mtoto Asiye na Mzazi Kwenye Jedwali

Mimi si mtu wa kuamini mashetani, na jirani yangu Dalenda hakuwa mwongo. Alikaa ghorofa ya juu yangu hapa Sfax, peke yake tangu talaka, bila mtoto. Kazi yake kompyuta. Ukimgongea, alifungua kabla hujashusha mkono.

Kiangazi kile shule moja ya binafsi ilimpa kazi ya kuhamisha kumbukumbu za wanafunzi na wazazi kutoka kanzidata yao ya zamani kwenda mpya. Ya zamani ilipokea chochote. Mpya ilikuwa kali: mwanafunzi ambaye mzazi wake hayumo kwenye jedwali la wazazi, haingii. Wote waliingia, isipokuwa mmoja. Nizar, miaka saba. Namba ya mzazi wake haikuwa ya mtu yeyote.

Mwalimu mkuu akamwambia kwa simu, "Hatumjui huyo. Mfute tu, binti yangu."

"Mkono umekataa, Mongia," Dalenda akaniambia tukinywa chai. "Nimejiandika mimi kuwa mzazi wake, ndipo akaingia."

"Makubwa! Hongera kwa kujifungua, na uchungu hukuusikia!"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Nilimwonea huruma.

Kesho yake, saa za jua kali, mji mzima umelala, nikasikia miguu juu. Midogo. Inakimbia. Nikapanda. Dalenda akafungua mlango kidogo tu, yeye aliyezoea kunivuta ndani kwa mkono.

"Sema polepole," akanong'ona. "Amelala."

"Nani?"

Akageuka kutazama chumbani. Mezani nyuma yake niliona sahani mbili za kuskusi. Moja, nyama yake imekatwakatwa vipande vidogo vidogo. Nywele zikanisimama.

"Dalenda, mfute. Leo hii."

"Nikimfuta ataenda kwa nani? Na mimi nitabaki na nani?"

Hakuja tena kwangu kunywa chai. Nilimsikia juu akiimba, akinyamaza, kisha akicheka na mtu. Nikaona wivu, Mungu anisamehe. Chai ya peke yako haina ladha.

Mchana mmoja kukawa kimya. Nikapanda, nikagonga. Nikausukuma mlango. Komeo limetiwa kwa ndani. Majirani wakauvunja mlango. Madirisha yana nondo, chakula bado cha moto. Dalenda hayumo. Hadi leo hayumo.

Namba ya shule niliikuta mezani kwake, nikampigia mwalimu mkuu.

"Ah, binti yule!" akasema. "Kajiandika kwenye jedwali la wazazi wetu, wala hana mtoto hapa. Nimemfuta mchana huu."

"Na mtoto?"

Nikasikia akibonyeza vitufe mara mbili, tatu.

"Mtoto amegoma kufutika."

Nikashuka kwangu. Mlangoni, chini ya kitasa, palikuwa na alama ya kiganja kidogo, imelowa, bado inachuruzika. Nikaifuta. Kesho yake mchana ikarudi.

Viangazi vitatu sasa. Naifuta, inarudi, kila mwaka juu kidogo. Anakua. Sijamfungulia.