Mistari ya Wino

Jumamosi moja ya mwaka 1984, soko la Malindi likiwa limefurika watu, mikono miwili ilishika kitabu kimoja. Mmoja ulikuwa na hina mbichi na ulitokeza kwenye buibui jeusi linalonukia udi. Wa pili ulikuwa wa kijana mrefu aliyevaa suruali ya bugaluu, ambayo wenzake mjini walikuwa wameshaiacha.

"Nimekiona mimi kwanza," alisema kijana.

"Na mimi ndiye niliyekishika," alijibu msichana. "Kiachie, bwana, utakichana."

Kahindi, muuza vitabu vikuukuu, aliwatazama kutoka kwenye gunia alilotandazia bidhaa zake. "Hicho kinaliza. Someni wote wawili, kwa zamu." Kahindi alimchagulia kila mteja kitabu cha kusoma, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kumaliza hata kimoja.

Hivyo ndivyo Kaltuma, binti wa Mzee Msellem mwenye duka la leso, alivyojuana na Muhdhar, karani wa kiwanda cha korosho Kilifi aliyekuja Malindi kila Jumamosi.

"Wapenda vitabu gani?" Muhdhar alimuuliza.

"Vya upelelezi. Ila huanza ukurasa wa mwisho, nisije nikahangaika bure."

"Astaghfirullahi! Huko si kusoma, ni kupekua."

"Na wewe je?"

"Vya wapendanao wakakosana."

"Halafu wakapatana?"

"Sikwambii. Utaacha kusoma."

Kaltuma alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa buibui, na Muhdhar akarudi Kilifi bila kitabu na bila usingizi.

Mzee Msellem hakuwa baba wa kumwacha binti yake asimame njiani na mwanamume. Na Muhdhar, tuseme kweli, alikuwa mwingi wa mzaha lakini mtu wa haya. Penye neno zito ulimi wake uliganda. Basi wakatumia vitabu. Aliyetangulia kusoma alipiga mstari wa penseli chini ya maneno anayotaka kumwambia mwenziwe, akakiacha kitabu kwa Kahindi. Mwenziwe akishasoma, alifuta mistari kwa raba na kitabu kikarudi guniani kuuzwa. Miezi minane walipendana hivyo, na kila mmoja alijua maneno ya mwenziwe kwa moyo.

"Kipo kimoja sijakupa," Muhdhar alimwambia siku moja kwenye simu ya dukani. "Nakipenda kuliko vyote. Siku nikikupa, utajua nililo nalo moyoni."

"Nionjeshe kidogo tu, roho yangu."

"Ngoja, Kaltuma."

Kaltuma alingoja. Posa ikaja, lakini ilitoka Lamu, kwa mfanyabiashara aitwaye Amin, mtu mzuri asiye na kasoro ya kumkatalia. Mzee Msellem alimpa binti yake muda hadi Ijumaa. Kaltuma akamwachia Muhdhar kikaratasi kwa Kahindi: "Nimeposwa. Baba ataka jibu Ijumaa. Niambie nimjibu nini."

Muhdhar alikisoma Jumamosi. Ami yake, ambaye ndiye wa kumpelekea posa, alikuwa safarini na angerudi wiki ijayo. Angeweza kuandika maneno matatu tu: ningoje, kataa, naja. Hakuandika. Alirudi Kilifi, akakitoa sandukuni kile kitabu anachokipenda kuliko vyote, akakituma kwa Kahindi kwa basi la Jumanne. Kilikuwa cha marehemu mamake, na alikuwa ameapa kumpa mkewe tu. Aliona kitabu chenyewe kinatosha kusema.

Kaltuma alikifungua nyuma ya mafurushi ya leso. Mistari ilikuwapo, lakini safari hii haikuwa ya penseli. Ilikuwa ya wino.

*Usiningoje.* Kurasa kumi mbele: *Nilikupa maneno, nyumba sina.* Na karibu na mwisho, mistari miwili, mmoja juu ya mwingine: *Olewa, uishi.*

Alikaa chini sakafuni na kulia bila sauti, kwa sababu baba yake alikuwa upande wa pili akipima kitambaa.

Jumatano simu ililia.

"Umekisoma?" aliuliza Muhdhar kwa furaha.

"Nimekisoma."

"Na umeelewa?"

"Nimeelewa, Muhdhar. Mungu akuweke."

Alikata. Muhdhar alidhani Mzee Msellem yuko karibu, akatabasamu peke yake ofisini, maskini.

Ijumaa, baada ya sala, fatiha ya posa ilisomwa. Jumamosi Muhdhar alishuka Malindi amevaa kanzu mpya, ami yake akimfuata nyuma, na Kahindi akamzuia njiani. Alimrudishia kitabu na kikaratasi: "Nimefuata ulichonipigia mstari. Nimemkubali Amin."

Muhdhar alikifungua. Alikuwa amekulia na mistari ile tangu utotoni, hata macho yake hayakuwa yakiiona tena. Sasa aliiona. Alimwacha ami yake palepale sokoni, akaenda mbio dukani.

"Si mimi!" alisema mbele ya Mzee Msellem na wanunuzi wawili. "Mistari ni ya mama! Ni maneno aliyoambiwa na baba alipotuacha. Kaltuma, mimi nataka kukuoa. Nasema kwa mdomo wangu, wote wasikie."

Kaltuma alishika meza. "Nilidhani umetumia wino ili yasifutike."

"Mzee," Muhdhar alimgeukia baba, "shikamoo. Naomba..."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Msellem, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Jana nimetoa neno mbele ya wazee kumi. Ungekuja juzi tungezungumza."

Muhdhar alikisukuma kitabu juu ya meza. "Kichukue. Niliapa kitakuwa cha mke wangu."

"Basi mpe mke wako," alisema Kaltuma, machozi yakimtiririka. Lakini alikivuta, akachomoa penseli iliyokuwa kando ya daftari la hesabu, akatafuta ukurasa alioujua, akapiga mstari mmoja. Kisha akakirudisha.

Muhdhar aliusoma nje, juani, watu wakimpita. Chini ya maneno ya mke anayemjibu mumewe katika hadithi ya kitabu kile palikuwa na mstari mwembamba: *Mlango ulikuwa wazi. Hukubisha hodi.*

Ulikuwa wa penseli, na raba alikuwa nayo mfukoni. Hakuufuta.