Ndege Isiyo na Kiti

Sulemani wa mtaa wa Buyenzi huyeyusha vyuma chakavu na kutengeneza sufuria. Ni fundi hodari, na maneno anayo. Asubuhi moja Gélase, anayemwokotea vyuma kule Gatumba, alimletea kitu kilichoachwa na mafuriko. Kilikuwa chuma chepesi chenye mabawa. Gélase alikitua uani akaenda zake.

Sulemani alifurahi, akachukua nyundo.

"We, ngoja," mkewe Adija alisema. "Hiyo ni ndege ya vita."

"Apana. Mi nimeangalia muzuri. Haina mulango, haina kiti. Bila mutu ndani, itapigana na nani? Ni ya watoto kuchezea."

"Watoto wa nani?"

Adija hakungoja jibu. Alimwita jirani yao, mama Consolée, aliyefanya kazi miaka mingi na wategua mabomu. Consolée alichungulia tu, hakuingia.

"Sulemani, weka nyundo chini polepole. Moto umewasha?"

"Bado."

"Alhamdulillah," Adija alisema.

"Tokeni wote," Consolée alisema. "Tutaongea kule mbali."

Hata huko mbali Sulemani alibisha. "Lakini haina kiti, mama."

"Na bomu je, linahitaji kiti? Wazo hili ni la zamani. Miaka zaidi ya mia iliyopita, wakati wa vita kuu ya kwanza, mafundi wa Amerika walijaribu ndege bila rubani. Mashine ndani yake ilihesabu mizunguko ya injini. Hesabu ikitimia, injini inazimika, mabawa yanachomoka, bomu linaanguka. Siku hizi nyingine zinaongozwa kutoka mbali. Ndege ikianguka bila kulipuka, inaweza kukaa hivyo miaka. Ukiigonga au kuichoma, ndipo inalipuka."

Sulemani alitazama mikono yake. Aliogopa sana, na hakuficha.

Consolée alipiga simu polisi, kisha wakazuia watu wasipite. Wataalamu walikuja, wakakichukua chuma kile. Ndani mlikuwa na baruti. Jioni majirani walimtania Sulemani kwamba karibu awapikie wali angani. Alicheka pamoja nao.

Sasa kila anayemletea vyuma anaambiwa: "Kitu usichokijua usikiguse. Kiache pale pale, zuia watu, ita polisi."

Juzi Gélase alipiga simu kutoka Gatumba. Alikuwa ameona chuma kingine matopeni. Hakukigusa, na polisi walikuwa wameshakizungushia kamba.

"Leo sina kitu cha kukuletea, kaka," alisema kwa huzuni.

"Mikono yako iko yote?"

"Iko."

"Basi ilete hiyo. Adija amepika."