Kipimo cha Pili cha Kifungo

Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Binti yao alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati, mdogo kiasi kwamba mama alimwita Kifungo.

Kifungo alikaa wiki tano katika chumba cha watoto mahututi. Alipumua kwa msaada wa mashine. Akapata ugonjwa wa manjano, ngozi na macho vikawa vya njano. Kila asubuhi mama alinawa mikono hadi viwiko, akaingia kumkamulia maziwa.

Siku ya kuruhusiwa ilifika. Bibi alikuja na shali mpya. Baba alikuwa ameshafunga mizigo.

"Bado kipimo cha masikio," alisema mpimaji wa hospitali.

"Si alipimwa jana?" baba aliuliza. "Tuliambiwa amefaulu."

"Kweli, baba. Jana tulipima sikio. Leo tunapima njia."

"Njia gani tena?" bibi akadakia. "Mtoto amechomwa sindano mpaka basi! Mwacheni aende kwao."

Mpimaji alitabasamu. "Sikiliza, bibi. Sauti ikiingia sikioni, mshipa wa fahamu unaibeba hadi kwenye ubongo. Sikio linaweza kuwa zima, lakini njia hiyo ikawa na hitilafu. Kipimo cha jana hakioni hilo. Mtoto aliyelazwa humu zaidi ya siku tano lazima apimwe njia pia."

"Ataumia?" mama aliuliza.

"Hata kidogo. Nambandika vibandiko vidogo vyenye nyaya kichwani, nampigia sauti ndogo sikioni. Mashine inasoma ubongo unavyojibu. Anatakiwa alale tu."

"Kulala?" bibi alisema. "Hapo mmempata bingwa."

Kifungo alilala fofofo. Mpimaji alipima, akarudia. Kisha akavuta kiti karibu na mama.

"Ubongo haujajibu sawasawa."

Mama alimpakata Kifungo. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote. Tena mmewahi. Mrudini baada ya mwezi. Daktari wa masikio athibitishe kabla mtoto hajafikisha miezi mitatu."

Nyumbani, bibi aligonga mifuniko ya sufuria. Kifungo akashtuka.

"Mnaona? Anasikia huyu! Hospitali ya nini tena?"

Mama alitamani sana kuamini. Lakini baba alimtikisia bibi kichwa. "Mama, anaweza kushtushwa na mlio, lakini maneno yasimfikie vizuri. Tarehe tuliyopewa tutakwenda."

Walikwenda. Daktari alithibitisha: njia ya sauti ilikuwa na hitilafu pande zote mbili. Alipofika miezi mitano, Kifungo alivalishwa vifaa vidogo vya kusikia.

"Vinasaidia watoto wengi, si wote," daktari alisema. "Msiache kumleta. Na mzungumze naye sana, uso kwa uso."

Wakazungumza naye. Baba aliimba vibaya, lakini aliimba.

Asubuhi moja, akiwa na miezi minane, Kifungo alikuwa ameketi mkekani, mgongo kwa mama. Mama alisimamisha cherehani.

"Kifungo!" aliita polepole.

Mtoto aligeuka. Akamtazama mama. Akacheka.

Mama alipiga kigelegele hadi majirani wakatoka. Baba alikuja mbio, miwani ya kuchomelea bado usoni. Bibi alilia na kucheka kwa pamoja.

Leo Kifungo ana miaka mitatu, na hanyamazi. Bibi naye, kila akifika kliniki, huwauliza wazazi wapya, "Mtoto wako alilazwa mahututi? Basi usiondoke bila kuuliza: mmempima na njia?"