Maji Mafu

Sila alikuwa na duka la sabuni na mafuta Chang'ombe, Dodoma. Zamani sabuni ilipangiwa foleni. Sasa biashara ilikuwa huria, na maduka yalikuwa yameota kila kona. Sila hakuogopa ushindani. Aliuza huku akiimba. Jioni alifunga duka, akaenda kanisani, mtaa wa Kikuyu, kuongoza kwaya. Mkewe, Evelina, aliimba sauti ya pili, upande wa kulia.

"Mtu akikosea noti, sikio langu halilali," Sila alizoea kusema. Watu walicheka, lakini ilikuwa kweli.

Mwaka 1996 kampuni moja ya sabuni ilimpa zawadi kwa kuuza vizuri. Zawadi yenyewe ilikuwa likizo ya watu wawili, hotelini, pwani karibu na Dar es Salaam. Binti yao mdogo, Loisi, walimwacha kwa bibi yake.

Pale hotelini alikuwapo Shaaban. Kazi yake ilikuwa kufundisha wageni kuzama baharini wakiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Sila alijua kuogelea tangu utoto, katika bwawa la Hombolo. Akaona hili nalo analiweza. Shaaban alianza kumfundisha kwenye bwawa la hoteli.

"Ukishuka, bana pua, pulizia puani taratibu, masikio yafunguke," alisema Shaaban. "Yakiuma, usishuke zaidi. Na usizuie pumzi hata mara moja."

Sila alielewa upesi. "Basi kesho tuingie baharini," alisema.

"Kesho hapana, kaka. Ni bamvua. Tungoje maji mafu, mwishoni mwa wiki."

Evelina alikuwa ameketi pembeni akisikiliza. Neno hilo, maji mafu, lilimtia hofu. Kwao Hombolo, kiangazi kikizidi, maji pembeni mwa bwawa husimama, yakawa ya kijani. Mama yake aliyaita maji yaliyokufa. Humo ndimo watoto walimopata kichocho.

Walipofika chumbani alisema, "Baba Loisi, umesikia? Anataka kukuingiza kwenye maji mafu."

"Nimesikia. Labda anangoja wageni wengine wajaze boti."

"Mimi sikubali. Zama kesho, au usizame kabisa."

Hawakumuuliza Shaaban. Waliona haya. Watu wa bara walikuwa wakitaniwa kwamba wanaogopa maji, nao hawakutaka kuchekwa. Inasikitisha, maana swali moja lingetosha.

Asubuhi walimpata mtu mwingine ufukweni, mwenye boti na mitungi. Hakuwa na kibali cha kuzamisha wageni, nao hawakukiuliza. Evelina aliuliza jambo moja tu.

"Maji ya leo ni mafu?"

Yule mtu alicheka. "Mafu? Leo maji yana nguvu, mama."

Evelina akaridhika. Alimfunga mumewe mkanda wa mtungi kwa mikono yake mwenyewe.

Sila alishuka na yule mtu kando ya mwamba. Punde maji yakaanza kumvuta kwenda kilindini. Alishika mwamba kwa mikono miwili. Masikio yakauma. Alikumbuka kubana pua, lakini angeachia mkono mmoja, maji yangemchukua. Kisha mikono ikateleza. Alishuka ghafla, na kitu kikapasuka ndani ya sikio lake la kulia. Kila kitu kikazunguka. Mwenye boti alimfikia kwa shida, akampandisha juu.

Hospitalini daktari alisema sikio limeumia hadi ndani. Halitasikia tena.

Shaaban alikuja kumwona mgonjwa. Evelina alimsimulia yote huku akilia.

"Mama, wewe ulidhani maji mafu ni nini?" aliuliza Shaaban.

"Maji yaliyooza. Yenye ugonjwa."

Shaaban aliinamisha kichwa. "Kwetu pwani ni maji yaliyopoa. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Maji hukimbia, na mkondo huwa mkali. Mwezi ukiwa nusu, bahari hujaa kidogo na kupwa kidogo. Hayo ndiyo maji mafu. Mgeni anafaa kuzama siku hizo."

"Kumbe mimi ndiye niliyemkataza maji mazuri."

"Na mimi nilikutajia neno bila kulieleza. Nisamehe, mama. Ila yule bwana alijua hali ya bahari, akawapeleka. Siku nyingine ulizeni kibali kwanza. Na mwenye kibali akisema leo hapana, mkubalieni, hata kama likizo inaisha."

Walirudi Dodoma. Sila aliendelea kuongoza kwaya, lakini upande wa kulia hakuusikia vizuri. Evelina alipokosea noti, mumewe hakujua. Sila hakumlaumu hata siku moja, na hilo lilimuuma Evelina zaidi. Mwishowe sauti ya pili ikahamishiwa upande wa kushoto.

Miaka ilipita. Loisi akawa mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, akasema anataka kujifunza kuzama. Evelina hakumkatalia. Alifunga safari na mumewe hadi kwa Shaaban, ambaye sasa alikuwa na mvi.

Safari hii Evelina aliuliza kila kitu. Mwezi ukoje? Mkondo unaelekea wapi? Neno hili maana yake nini? Shaaban alijibu moja baada ya jingine, na kibali akakionyesha bila kuombwa. Alimfundisha Loisi mpaka aliporidhika naye. Kisha wakangoja mwezi ufike nusu.

Siku ya kuzama, Sila na Evelina walikaa ndani ya boti wakitazama maji. Loisi aliibuka pamoja na Shaaban, polepole kama alivyofundishwa. Alikuwa akicheka.

"Maji yalikuwaje?" aliuliza mama yake.

"Mafu kabisa, mama. Yametulia."

Evelina alifuta machozi. Alikuwa ameketi kulia kwa mumewe. "Baba Loisi, umesikia? Ni maji mafu."

Sila hakugeuka. Evelina akainuka, akazunguka hadi upande wa kushoto, akalisema tena.