Mguu wa Msumeno wa Josefina

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, Marselino, mhunzi wa majembe.

Dada yangu Josefina ni mjane. Mumewe alimwachia karakana ya useremala hapa Sumbawanga, na mashine kuukuu ya msumeno. Mbao zake ndizo zinazolisha watoto. Asubuhi moja mguu wa chuma unaoshika ekseli ya msumeno ulipata ufa. Sebastiani, mdogo wa marehemu, akaja mbio, akichechemea kidogo.

"Shemeji, iuze mashine kama chuma chakavu, urudi kwenu Laela ukalime ulezi."

"Sirudi," akasema Josefina. "Kaka, utaweza?"

"Unaniuliza mimi? Wafipa tulifua chuma kabla Waingereza hawajaleta mashine!"

Nikaufungua mguu, nikaupasha mpaka ukawa mwekundu, nikaupiga ili ufa ujifunge. Nyundo ya kwanza tu, paa! Vipande viwili.

Dada hakunigombeza. Aliviokota vipande, akavifunga kwenye kanga. Afadhali angenitukana.

Nikavipeleka kwa fundi Zubery, anayetengeneza malori mtaa wa Majengo. Akavitazama, akacheka.

"Bwana Marselino, ulidhani ni jembe? Tazama palipovunjika. Chembechembe za kijivu, kama sukari. Hiki ni chuma cha kumimina. Kiliyeyushwa, kikamiminwa kwenye kalibu. Jembe hupinda. Hiki hakipindi, hupasuka."

"Basi ndiyo kimekufa?"

"Hakijafa. Tutakiunga kwa shaba. Ila kuvukuta moto ni kazi yako, adhabu hiyo!"

Alipiga tupa kingo mpaka zikang'aa, akaziacha na mteremko ili shaba ipate pa kukaa. Akavibana vipande vikae sawa. Nikavukuta polepole.

"Kipate moto chote pamoja," alisema. "Ukipasha upande mmoja, kitapasuka upya."

Kisha akanyunyiza dawa ya kulehemu, akayeyusha shaba kwa gesi mpaka ikajaa. Mimi, kwa mazoea yangu, nikanyakua ndoo ya maji.

"Weka chini!" akafoka. "Unataka kukiua mara ya pili?"

Tukakifukia kwenye majivu ya moto mpaka kesho yake, kipoe taratibu.

Tulipoufunga mguu, Zubery aliuzungusha msumeno kwa mkono kwanza. Ulizunguka vizuri. Ndipo tukawasha injini. Josefina akasukuma ubao, ukakatika safi. Akacheka, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza tangu ufa ule.

Sebastiani akaja tena, akagusa mstari wa njano wa shaba.

"Kilichovunjika kimevunjika tu, shemeji. Iuze."

Josefina hakuacha hata kusukuma ubao.

"Shemeji, mguu wako nao ulivunjika, ukaungwa. Mbona hatukukuuza?"